Mwanao Akisema Amecheza Dansi Ugenini

Mwezi huu nataka tuzungumze habari za watoto wetu wanaosoma nchi za mbali, na hasa neno moja ambalo huwanyima wazazi usingizi. Mtoto akitupasha habari kwamba amefaulu mtihani, tunashukuru. Akisema ameteleza kwenye barafu akateguka kifundo cha mguu, tunampa pole na kumwombea. Lakini akisema Jumamosi alikwenda dansi, nyumba nzima hunyamaza, na swali la kwanza huwa ni lilelile: Umecheza na nani?

Swali hilo si baya, mradi anayeuliza awe tayari kukaa na kusikiliza jibu mpaka mwisho. Jibu nililopewa mimi mwaka jana lilichukua karibu saa nzima ya simu, na ndilo ninalotaka kuwasimulia.

Binti wa dada yangu, ambaye ananiita mama mdogo nami namhesabu kuwa mwanangu, anasoma shahada ya pili ya afya ya jamii katika mji wa Edinburgh, Uskoti. Aliondoka nyumbani Septemba. Wiki za kwanza simu zilikuwa nyingi, mara anatuonyesha chumba, mara anatuonyesha koti. Kufikia Novemba zilikuwa zimepungua, na kila nikipiga jibu ni moja: "Niko salama, mama mdogo." Mimi ni muuguzi. Wodini nimejifunza kwamba mgonjwa anayejibu "sijambo" upesi upesi ndiye wa kurudi kumtazama tena kabla ya kumaliza zamu. Nikamuuliza mambo madogo. Unakula saa ngapi? Unalala saa ngapi? Nikakuta anakula mara moja kwa siku, analala mchana, usiku yuko macho anatazama dari.

Msidhani ni uvivu. Mji ule uko kaskazini sana. Mwishoni mwa Novemba jua huchomoza kama saa 2 na robo asubuhi, na kabla ya saa 10 alasiri limekwisha kuzama. Siku nyingine halionekani kabisa kwa mawingu. Mtu aliyezaliwa Moshi, ambaye maisha yake yote jua limetoka saa 12 na kuzama saa 12, mwili wake huchanganyikiwa usijue wakati wa kulala wala wa kuamka. Tena sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji jua zaidi ili mwili utengeneze vitamini D, na ndiyo maana wataalamu wa afya kule huwashauri watu wenye ngozi kama yetu kufikiria kumeza vidonge vya vitamini D, maikrogramu 10 kwa siku, mwaka mzima. Mama mwenye mtoto huko na amwulize kama anavyo. Lakini kwa huyu wetu vidonge vilikuwepo mezani. Kilichokosekana ni watu.

Basi Jumapili moja, kabla sijavaa viatu vya kwenda ibadani, dada yangu akaingia na simu mkononi. Hakunisalimu. "Tazama mwanao anavyofanya." Nikatazama. Ni picha za video za sekunde chache: ukumbi umejaa, muziki wa kasi, na binti yetu anazungushwa na mwanamume mmoja, anamwachia, anadakwa na mwingine, anamwachia, anadakwa na wa tatu. Na wanaume wenyewe wamevaa sketi. Dada alikuwa ameshaamua. Jioni ile ile angempigia kumwambia aache, na baba yake angeambiwa.

Nikamwomba anipe nafasi nizungumze naye kwanza. Nilipompata binti sikumwuliza dansi. Nilimwambia, "Hebu nisimulie siku yote ya jana, tangu ulipoamka," kwa kuwa mambo ya usiku huwezi kuyaelewa kama hujui mchana wake ulikuwaje.

Aliyemtoa chumbani alikuwa bibi mmoja wa Kiskoti, mjane mwenye umri wa miaka 70 na zaidi, ambaye hukaa benchi la nyuma yake kanisani. Bibi yule aliwakusanya wanafunzi watatu, binti yetu, mwenzake kutoka Malawi na mwingine kutoka India, akawaandikia kwenye karatasi mahali pa kupita Jumamosi nzima. Kila mahali pangefikika kwa miguu. Akaweka sharti moja, kwamba saa 1 na nusu jioni wawe kwenye ukumbi wa kanisa, wamevaa viatu vya bapa.

Walianzia Ngome ya Edinburgh, iliyojengwa juu ya mwamba ambao zamani za kale ulikuwa koo la volkano. Kiingilio chake ni cha fedha, na wanafunzi walikuwa wamejibana wiki nzima. Mji ule una volkano nyingine iliyozimika, Arthur's Seat, yenye mita 251 tu. Mtoto wa Kilimanjaro alicheka moyoni alipoonyeshwa kuwa huo nao ni mlima. Siku alipoupanda, upepo wake ulimwondolea kicheko.

Ndani ya ngome kuna kikanisa cha mawe kilichojengwa yapata mwaka 1130, nalo ndilo jengo la zamani kuliko yote yaliyosalia pale. Mfalme David wa Kwanza alikijenga kwa kumkumbuka mama yake, Malkia Margareta, aliyefariki mwaka 1093. Ni kidogo kama sebule. Nilipenda kusikia kwamba vita vimepita pale karne kwa karne, majumba yamebomolewa na kujengwa upya, na kilichobaki ni kile ambacho mtoto alimjengea mama yake. Kuna pia chumba ambamo Malkia Mary wa Uskoti alijifungua mwanawe James tarehe 19 Juni 1566, mtoto ambaye baadaye alitawala Uskoti na Uingereza pia. Binti alinitumia picha yake. Nimesaidia akina mama kujifungua katika vyumba vya kila namna, hata stoo ya dawa siku umeme ulipokatika, lakini sikutegemea chumba cha malkia kiwe kidogo namna ile. Sijui mkunga alisimama wapi.

Saa 7 mchana mzinga ulilipuka juu ya vichwa vyao, na yule wa Malawi akaangusha kikombe chake cha chai. Kumbe ni desturi. Mzinga huo hupigwa kila siku saa hiyo, isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi, tangu mwaka 1861, ili mabaharia katika mlango wa bahari ulio chini ya mji warekebishe saa zao. Meli za leo hazihitaji tena, lakini wazee wa mji bado husimama barabarani na kutazama saa za mkononi.

Kutoka ngomeni waliteremka barabara ndefu ya mawe hadi kanisa la St Giles, alikohubiri John Knox wakati wa Matengenezo ya Kanisa. Pale wana simulizi ya mama mmoja muuza sokoni, Jenny Geddes. Mwaka 1637 mfalme alitaka kuwalazimisha Waskoti wasali kwa kitabu kipya cha sala wasichokitaka. Inasimuliwa kwamba kiongozi wa ibadja alipoanza kukisoma, mama huyo aliinua kigoda alichokuwa amekikalia akamrushia kichwani. Leo kuna kigoda cha shaba ndani ya kanisa kwa kumkumbuka. Siwashauri mfanye hivyo kwa mchungaji wenu.

Karibu na hapo pana jengo la madaktari wapasuaji, Surgeons' Hall, na hapo nilimwomba binti aseme polepole maana linanihusu. Mwaka 1869 Sophia Jex-Blake na wenzake sita waliandikishwa katika chuo kikuu kilekile anachosoma yeye, wakiwa wanawake wa kwanza kuingia kusomea udaktari. Tarehe 18 Novemba 1870 walipokuwa wanakwenda kufanya mtihani, kundi la wanaume, wengi wao wanafunzi, liliwazibia lango na kuwarushia matope. Walipofanikiwa kuingia, kondoo alisukumizwa ndani ya chumba cha mtihani ili kuwadhihaki. Mwishowe chuo kiliwanyima shahada. Kiliwapa shahada za heshima mwaka 2019, wote saba wakiwa wamekwisha kufa zamani. Binti alisimama mbele ya lango lile akiwa na kitambulisho cha chuo shingoni.

Katika bustani iliyo chini ya ngome waliona sanamu mbili za watu wanaotugusa. Moja ni ya Daktari James Young Simpson. Mwaka 1847, nyumbani kwake Edinburgh, aligundua kwamba klorofomu inaweza kumtoa mtu fahamu asisikie maumivu, akaanza kuwapa akina mama wenye uchungu wa kuzaa. Wapo waliosema anapingana na Maandiko, naye akaandika kijitabu mwaka huohuo kuwajibu. Mwaka 1853 Malkia Victoria aliitumia akijifungua, na maneno yakapungua. Sanamu ya pili ni ya Livingstone, na aliyeichonga ni mwanamke, Amelia Hill. Binti yetu alipokuwa sekondari alipelekwa Bagamoyo na shule, akaonyeshwa mahali ambapo akina Chuma na Susi waliufikisha mwili wa mzee huyo mwaka 1874 baada ya kuubeba kwa miguu kutoka bara. Aliniambia aliposimama pale chini ya sanamu aliwatafuta Chuma na Susi kwa macho. Hawapo.

Jambo la mwisho la mchana lilikuwa ombi lake mwenyewe. Mwalimu Nyerere alisoma katika chuo hicho kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, na kibao cha kumbukumbu yake kipo katika majengo ya chuo. Wenzake walimpiga picha pembeni yake. Saa 10 alasiri ilikuwa giza. Wakaingia kwenye jumba la makumbusho la taifa, ambalo halina kiingilio, wapate joto, wakamtazama kondoo Dolly, yule aliyezaliwa mwaka 1996 kwa kutengenezwa kutoka chembe ya kondoo mwingine mzima, naye amekaushwa na kuwekwa ndani ya kioo. Yule wa India akasema mji huu una mambo na kondoo. Kwa kweli chakula chao cha jioni kilikuwa kondoo tena, haggis, yaani moyo, maini na mapafu vilivyosagwa na kuchanganywa na oti, kitunguu na pilipili manga. Binti alikila bila shida. Aliyelelewa kwa supu ya utumbo hatishwi na haggis.

Sasa dansi yenyewe.

Waskoti huiita ceilidh, na hutamkwa "keli". Ni neno la Kigaeli, lugha ya zamani ya nyanda za juu na visiwa vya kule, na maana yake ya asili ni kutembeleana. Usiku mrefu wa baridi majirani walikuwa wakikusanyika katika nyumba moja, mmoja anasimulia hadithi, mwingine anaimba, mwingine anapiga fidla, na nafasi ikiwepo wanacheza. Siku hizi sehemu ya kucheza ndiyo imebaki kubwa. Hufanyika kwenye harusi, shuleni, katika kuchangia hospitali, na sana mwishoni mwa Novemba, kwa sababu tarehe 30 ni sikukuu ya Mtakatifu Andrea, msimamizi wa nchi yao.

Ukumbi ulikuwa na taa zote zimewashwa. Viti vimepangwa ukutani, meza moja ina birika kubwa la chai na mikate, watoto wanakimbizana chini ya meza. Wapigaji walikuwa watatu, fidla, kodiani na ngoma. Mbele alisimama mama mmoja mwenye kipaza sauti ambaye kazi yake ni kufundisha hatua. Kila dansi kwanza alikuwa anawatembeza polepole bila muziki, huku na huku, mpaka wageni waelewe, ndipo muziki unaanza. Hata hivyo watu hukosea. Nusu ya kicheko cha usiku ule, anasema, kilikuwa cha watu waliogeuka kushoto wakati ukumbi wote unageuka kulia.

Dansi moja huitwa Dashing White Sergeant. Watu hushikana mikono watatu watatu, na kila watatu huwakabili watatu wengine. Wanazunguka duara pamoja kushoto, kisha kulia. Wa katikati humgeukia wa kulia kwake, wakazungushana, kisha wa kushoto. Halafu mistari miwili husogeleana, wakapiga miguu chini, wakarudi nyuma, kisha mstari mmoja huinua mikono na mwingine hupita chini yake, na mbele yao wanakuta watatu wapya wanaowasubiri. Wanaanza tena. Muziki ukiendelea vya kutosha utakuwa umeshikana mikono na karibu ukumbi wote bila kumwomba mtu yeyote. Mgeni asiyemfahamu mtu hana pa kujificha.

Hapo ndipo nilipomwuliza lile swali la mama yake: Ulicheza na nani? Akaanza kuhesabu. Bibi mwenyewe alikuwa mkono wake wa kushoto, na wa kulia alikuwa mvulana wa miaka 10, mjukuu wa mtu. Akacheza na mke wa mchungaji, na dereva wa basi, na mzee mwenye kifaa cha kusikia aliyekuwa akihesabu hatua kwa sauti, na wasichana wawili wa chuo, na baba mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga kifuani. Baba huyo alimpa mkewe mtoto ilipofika ile ya kasi. Ndiyo hiyo tuliyoiona kwenye video. Inaitwa Strip the Willow. Wanaume hupanga mstari mmoja, wanawake mwingine, nawe unateremka katikati ukizungushwa kwa mkono na kila mtu wa mstari wa pili, na baada ya kila mmoja unarudi kwa mwenzako. Wanashikana kwenye kiwiko, na mtu akilegeza anaruka kama jiwe la kombeo. Sekunde chache zile za simu hazikuonyesha kwamba katika mstari ule yule wa tatu aliyemdaka alikuwa na miaka zaidi ya 60. Siku ya pili mikono ilikuwa na alama za kuvilia damu juu ya viwiko. Nilimwambia aweke kitambaa cha baridi, na mara nyingine avae mikono mirefu.

Kulikuwa pia na dansi ya wawili wawili, ya polepole, ya kushikana kiunoni. Sitawaficha. Kijana mmoja alimwomba, akasema asante, nimechoka, kijana akaenda kumwomba mwingine. Binti akaicheza na bibi, maana kule wanawake wawili wakicheza pamoja hakuna anayegeuza shingo. Pombe ilikuwepo pia kwa waliotaka, kwenye meza ya kona. Yeye alikunywa maji na sharubati, na glasi yake aliishika mwenyewe, kama nilivyomfundisha. Saa 5 kasoro usiku wote walisimama duara moja kubwa, wakakingamanisha mikono kifuani, wakaimba wimbo wao wa kuagana. Bibi akawarudisha bwenini kwa gari yake.

Kisha akaniambia neno ambalo lilinifanya niketi. "Mama mdogo, tangu mama aliponiachia mkono uwanja wa ndege wa KIA, hakuna mtu aliyekuwa amenishika mkono." Nikahesabu. Ilikuwa inakaribia miezi mitatu. Chuoni watu wanapita na masikio yamezibwa na muziki wao. Dukani unajihudumia kwa mashine. Hata kanisani, anasema, watu huinamiana vichwa kwa heshima, kila mtu na nafasi yake. Usiku ule wa Jumamosi alilala usingizi wa moja kwa moja mpaka asubuhi, akaamka na njaa.

Wodini hatuandiki kumshika mgonjwa mkono katika jalada la matibabu. Lakini muulize muuguzi yeyote mkongwe kama mgonjwa aliyekaa mwezi bila ndugu wa kumtembelea anapona sawa na mwenzake.

Nilimweleza dada yangu yote haya. Alinisikiliza, kisha akauliza kitu kimoja: "Lakini ndani ya ukumbi wa kanisa?" Swali lake lina historia ndefu kuliko alivyojua. Baada ya Matengenezo ya mwaka 1560, wazee wa kanisa la Uskoti walikuwa wakali kwa dansi. Walikuwa wakiwaita watu barazani na kuwaadhibu kwa kucheza wanaume na wanawake pamoja. Dansi haikufa. Mwaka 1923 wanawake wawili, Jean Milligan aliyekuwa mwalimu wa mazoezi ya mwili, na Ysobel Stewart, waliongoza kuanzishwa kwa chama cha kuzihifadhi dansi za nchi yao zisipotee. Leo watoto wa Uskoti hufundishwa shuleni, katika kipindi cha mazoezi, kabla ya sherehe za Krismasi. Na makanisa yaleyale yanakodisha kumbi zao, tena wazee wa kanisa ndio wanaopanga viti. Kule kwetu wengi tulihadithiwa na bibi zetu jinsi wamisionari walivyowakataza ngoma. Ningependa bibi yangu angeishi nimwonyeshe video ile.

Kati ya dansi zao iko moja iliyotungwa na maofisa wa Kiskoti waliotekwa huko Ufaransa mwaka 1940 na kufungwa Ujerumani. Waliitunga kambini, wanaume watupu, mbali na wake zao, na wanaoicheza hujipanga mpaka wakachora sura ya msalaba wa Mtakatifu Andrea. Huitwa Reel of the 51st Division, kwa jina la kikosi chao. Mateka wale walikuwa na njaa na baridi, na bado walitafuta namna ya kushikana mikono kwa mpangilio.

Sasa mama mwingine atanijia baada ya ibada aseme, muuguzi anaruhusu watoto kwenda dansi. Sisemi kila dansi ni hii. Mji huohuo una vilabu vya usiku ambako taa zimezimwa, muziki unazuia mtu kusema hata jina lake, na pombe ndiyo biashara. Binti yetu anavijua na havipendi, lakini hata kama angevipenda, mimi niliye Moshi ningemzuia kwa nini, kama si kwa kuwa bado ananisimulia? Ndiyo maana nataka tujifunze kuuliza vizuri. Je, taa zilikuwa zimewaka? Wazee na watoto walikuwepo? Nani alikualika, na nani alikurudisha? Ungeweza kukataa kucheza na usichukiwe? Kinywaji chako ulikishika mwenyewe? Mtoto aliyejibu maswali hayo ametueleza mengi kuliko tungeyajua kwa kukemea. Na aliyekemewa mara ya kwanza, mara ya pili atatuma picha ya kitabu.

Tena tukumbuke tulivyo sisi wenyewe. Kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi, zawadi zinapoingia, ni nani anayebaki kitini? Mabibi wanaoumwa magoti wanainuka. Mama mkwe anacheza na jirani waliyegombana naye mwezi uliopita. Watoto wako katikati ya miguu. Binti aliniambia kwamba ilipopigwa ile ya watatu watatu, alijisikia yuko Moshi kwenye sendi-ofu, isipokuwa muziki ulikuwa wa kodiani na mjomba wake alikuwa amevaa sketi. Anamwita mjomba yule dereva wa basi. Sketi hiyo ni kilti, vazi la heshima la wanaume wa kule, la kitambaa kizito cha mistari ya mraba, na kila ukoo una mistari yake.

Dada yangu hakumpigia simu ya kumkataza. Alimpigia Jumatano, wakazungumza muda mrefu kuhusu Jenny Geddes na kile kigoda. Tarehe 25 Januari Waskoti walikuwa na usiku mwingine mkubwa, wa kumkumbuka mshairi wao Robert Burns aliyezaliwa mwaka 1759, na bibi alikuwa amekwisha kuwaalika watatu wale. Binti akaomba kitu kimoja kutoka nyumbani. Shuka la Kimasai, jekundu, lenye mistari ya mraba, la kujitanda begani, ili wakimwuliza na yeye ni wa ukoo gani awe na la kuonyesha. Dada alikwenda sokoni mwenyewe kulichagua. Akaongeza viatu vya bapa, namba 39, na kilo mbili za unga wa ulezi.